Ndoo Namba Arobaini na Sita

Kwa miaka minne Asukile aliishi ua mmoja na mkwewe Sekela, na kwa miaka minne hakuwahi kumwona uso. Mgongo aliujua. Visigino aliviona mara nyingi vikipotelea nyuma ya migomba. Lakini uso, hapana, na sauti yake hakuwahi kuisikia ikimwambia hata neno moja. Usicheke bado. Utacheka baadaye, sababu zitakuwepo.

Kwao Unyakyusa ndivyo walivyolelewa. Mke wa mwanao hakuoni, nawe humwoni. Ukitokea njiani, yeye anaingia porini. Ukiingia uani kwa mbele, yeye anatokea nyuma. Ni heshima, na mtu aliyefunzwa vizuri haulizi heshima ina faida gani. Ila nasema wazi, desturi ile ilitungwa na watu wenye nafasi, watu wa migomba isiyo na mwisho, nyumba za wazee huku na za vijana kule. Haikutungwa kwa ajili ya tarishi wa boma la Mbeya aliyepewa na serikali kiwanja cha hatua ishirini kwa kumi na tano, chenye nyumba moja, jiko moja, ghala moja la mahindi na choo kimoja. Choo ndicho kilichokuwa na taabu kuliko vyote.

Yotamu, mwanawe wa pekee, alimwoa Sekela mwaka wa arobaini na tisa, akakaa naye miezi mitano, kisha akaenda zake migodini kusini na kuacha ahadi ya kurudi. Mama yake Yotamu akafariki mwaka uleule. Wakabaki wawili, mzee na mkwe, wakizungukana uani kutwa nzima.

Basi wakatunga lugha bila kukutana kuitunga. Asukile akikohoa mara moja, maana yake "naingia". Mara mbili, "natoka". Mara tatu, "njaa". Sekela naye aligonga chungu kwa upawa. Mara moja, chakula kiko mkekani. Mara mbili, subiri, bado niko uani. Mara nyingi na kwa hasira, kuku wameingia kwenye unga na wewe umekaa tu. Wageni waliolala kwao waliondoka asubuhi na mapema, wakisimulia kwamba mzee ana kifua kibaya sana.

Mwaka wa hamsini na moja kifua kikawa kibaya kweli. Kichomi kilimlaza Asukile siku kumi na tatu. Nani angeingia kumlisha? Majirani walikuja, wakaomba, wakaenda shambani. Siku ya tatu, akiwa hajui tena kama yu hai, alisikia ukuta wa udongo ukikwaruzwa karibu na kichwa chake. Tundu likatokea. Kwenye tundu ukaingia mwanzi, umetobolewa vizuri fundo kwa fundo, ncha yake ikaja ikasimama mbele ya midomo yake. Na kwenye mwanzi ukaanza kuja uji wa ulezi, mwepesi, wa vuguvugu, kidogo kidogo. Alinyonya kama ndama. Mwanzi ule uliingia asubuhi, mchana na jioni, siku kumi. Alipopata nguvu za kukaa, ukatolewa, na tundu likazibwa kwa udongo mpya. Hakuna aliyesema kitu.

Lakini udongo mpya ulikuwa mwekundu kuliko ule wa zamani, na kila alipolala Asukile alilitazama lile doa. Lilimtesa. Mtu amekuokoa roho na wewe hujamwambia hata asante! Angemtuma mtu? Asante ya kutumwa ni sawa na barua ya boma, na barua za boma alizijua. Amezibeba kwa miguu miaka ishirini na miwili na hajaona hata moja iliyomfurahisha mtu.

Mwinjilisti wa kanisa lao alikuwa na dawa rahisi. Alihubiri kwamba haya za namna ile zimepitwa na wakati. Asukile akasema amina. Sekela naye akasema amina, nyuma ya mlango. Mke wa mwana wa mwinjilisti mwenyewe, alipoona baba mkwe anashuka mimbarani kuja upande wake, aliruka dirishani. Kwa hiyo mahubiri yalikuwa mazuri, ila hayakutosha.

Njia ilikuwa moja tu, na katika ukoo wa Asukile kila mtu aliijua. Baba mkwe anatoa ng'ombe jike kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, mkwe anampokea, na haya imekwisha. Wanaonana, wanasemezana, wanakula pamoja. Mbuzi hakubaliki. Kuku ni matusi. Na Asukile ng'ombe hakuwa naye, wawili aliokuwa nao waliuawa na ugonjwa wa ndigana, na mshahara wa tarishi hununua sabuni, haununui mtamba.

Hata hivyo hotuba ya shukrani aliitunga mapema. Ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilisifu ukoo wa Sekela, ya pili ilieleza kichomi kwa kirefu, na ya tatu ndiyo iliyokuwa na asante yenyewe. Kila alfajiri alisimama nyuma ya ghala, mikono mgongoni, akaisema yote kwa sauti ya chini ili asiisahau. "Siku nitakayompata huyo ng'ombe," alimalizia, "nitampa Sekela kamba mkononi, na hatanikimbia tena." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema, aliongeza manung'uniko yake mawili matatu. Baridi ya Mbeya imezidi, Yotamu haandiki, na mboga ya jana ilikuwa chumvi tupu. Alidhani anasikiwa na mahindi.

Ndipo ukaja mwaka wa hamsini na tatu, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia. Bwana Shauri mpya, yaani mkuu wa boma, Mzungu kijana mwenye masikio mekundu, akaamua kwamba jimbo zima litasherehekea kwa mbio ndefu. Karani wake Jailos, mtu wa kutoka Nyasa aliyevaa tai hata siku ya kuchimba choo, akasimama mbele ya boma akasoma tangazo. Mbio zitaanzia kambi ya barabara kwenye njia ya Chunya, zitapanda mlima wote mpaka juu kileleni, zitashuka upande wa pili mpaka uwanja wa Mbeya. Maili ishirini na sita na yadi mia tatu themanini na tano.

"Hizo yadi za mwisho ni za nini?" akauliza mpishi wa Bwana Shauri.

"Ndivyo ilivyoandikwa," akajibu Jailos.

Bwana Shauri mwenyewe akaeleza kwamba zamani huko kwao mbio ziliongezwa ili wakimbiaji wamalizie mbele ya kiti cha wakubwa. Hapo watu wakaelewa kabisa. Kuzungushwa ili mkubwa apate kuona ni jambo ambalo halikuhitaji maelezo zaidi.

"Atakayefika wa kwanza kwa miguu yake," Jailos akaendelea, "atapewa mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, kutoka shamba la serikali."

Yaliyofuata Asukile hakuyasikia. Alikuwa amekwisha kusogea mpaka mezani.

"Niandike."

"Mzee Asukile, una miaka mingapi?"

"Hamsini na moja. Niandike."

"Mbio za sakafuni, mzee wangu, huishia ukingoni."

"Nani kakwambia nakimbia sakafuni? Mimi nimepanda milima hii na barua zako miaka ishirini na miwili, wewe ukiwa kwa mama yako. Andika, bwana!"

Jailos akaandika. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu, na kwa mkono wake mzuri akachora namba kwenye vitambaa, moja mpaka arobaini, maana wakimbiaji walikuwa arobaini. Kisha zikaletwa ndoo sita za boma kwa ajili ya vituo vya maji njiani. Mwingine angeanza upya, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili. Jailos hakuwa mwingine. Akachora arobaini na moja mpaka arobaini na sita, akaziandika daftarini chini ya wakimbiaji. "Namba zikishaanza," alisema, "hazirudi nyuma."

Wake za wafanyakazi wa boma wakaitwa kuhudumu vituoni. Sekela akapewa ndoo namba arobaini na sita, kituo cha mwisho, juu kabisa mlimani. Jailos hakuuliza nani ni mkwe wa nani, kwao hayo hayakuwa na uzito. Sekela naye angemwelezaje? Amri ya boma ni amri. Akajipangia moyoni kwamba ndoo ataiweka kando ya barabara, na mzee akikaribia, yeye atakuwa mbali vichakani, amegeuka.

Asukile akaanza mazoezi, na mazoezi yake yakaleta balaa. Tarishi anayetembea watu wamemzoea. Tarishi anayekimbia, tena na barua mkononi, maana yake kuna kifo. Alipotokea kijiji kimoja cha Wasafwa akihema na jasho likimtoka, bibi mmoja alianguka chini akapiga yowe, majirani wakaja mbio, mwingine akaenda kukamata jogoo wa matanga. Barua ilipofunguliwa, ilikuwa tangazo la kuogesha mbuzi. Walimfukuza Asukile kwa magunzi ya mahindi, na nasema haki ya Mungu, siku ile alikimbia vizuri kuliko siku zote.

Siku moja kabla ya sherehe lori la boma likawapeleka wakimbiaji wote kambini. Humo ndani Asukile alikaa karibu na Kalinga, askari polisi kutoka Iringa, Mhehe mrefu mwenye vifundo vya miguu kama vya farasi. Kalinga alimtazama, akatazama kofia yake nyekundu ya utarishi.

"Shikamoo mzee. Umekuja kutupigia filimbi?"

"Marahaba. Nimekuja kuchukua ng'ombe."

"Ng'ombe yupi?"

"Wangu."

Kalinga akacheka mpaka akapaliwa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na buti mpya za serikali na miaka ishirini na minne, na vitu hivyo viwili humharibu mtu.

Asubuhi, umande ukiwa umeganda kwenye majani kama chumvi, wakaachiwa. Vijana wakaruka kama panzi. Asukile akaondoka kwa mwendo wake wa barua, ule wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kwenye maili ya nane wakakuta mazishi kando ya barabara. Sasa nikuulize wewe, utapita mbio mbele ya jeneza la watu? Huna mama? Wakimbiaji kumi na saba walisimama kutoa pole, wakakaa, wakapewa majembe. Hata wanawake wa kituo cha nne walikuwa palepale wakilia, na ndoo yao. Asukile alivua kofia, akatembea kwa heshima, akatupa konzi ya udongo kaburini, akaendelea. Tarishi husamehewa, siku zote amesamehewa. Kalinga alipiga saluti, naye akapita.

Mlima ulipoanza kusimama, ukaanza kuwachambua. Huyu amekaa kwenye jiwe anaulizia lori, huyu amekumbuka ana shangazi karibu na hapo. Kalinga alivua buti, akazifunga kamba, akazitundika shingoni. Kituo cha tano Asukile alifika akiwa na kiu ya kufa, akakuta ndama wanne wameingiza vichwa ndoani na mwenye kituo anawafukuza kwa kanga. Hapakuwa na tone. Akameza mate ambayo hayakuwepo, akapanda. Na Mungu ni mwema, vijana wote wa mbele walikuwa wamekwisha. Karibu na kilele mbele yake hakuwepo mtu, na nyuma yake alisikia buti za Kalinga tu zikigongana kifuani, ko, ko, ko, hatua mia nyuma.

"Ng'ombe wangu huyo," akajiambia, na kwa mara ya kwanza aliamini.

Kileleni palikuwa na ukungu mzito. Barabara pale imechongwa ubavuni mwa mlima, mkono wa kulia ukuta wa udongo uliosimama wima, mkono wa kushoto korongo ambalo hata mbuzi huliogopa. Koo la Asukile lilikuwa kavu, linawasha. Akakohoa. Mara moja.

Mbele yake, ndani ya ukungu, kitu kikashtuka.

Sekela alikuwa ndiyo kwanza amepanda kutoka chemchemi, ndoo imejaa kichwani, anakwenda kituoni kwake. Vichaka vyake alivyovichagua vilikuwa huko nyuma alikotoka mzee. Akasikia kikohozi kimoja, na kikohozi kile angekitambua hata katikati ya vikohozi elfu. Naingia. Akafanya alivyofanya kila siku kwa miaka minne, akaondoka. Ila kulia ukuta, kushoto korongo. Barabara ilikuwa na upande mmoja tu, nao ulikwenda Mbeya.

Asukile aliona ndoo kwanza, namba nyekundu, arobaini na sita, inaelea kwenye ukungu. Kisha chini yake akaona visigino viwili. Visigino vile alivijua.

"Maskini mimi," akasema.

Afanyeje? Akisimama ili mkwe aende zake, Kalinga anapita na ng'ombe anakwenda Iringa. Akimpita, atakuwa naye bega kwa bega, na huko ni kumwona uso bila ng'ombe, aibu isiyofutika. Akimwita, atakuwa amemsemesha. Akavuta kofia mpaka machoni, asione ila ardhi na visigino, akakimbia.

Naye Sekela, mbona hakutua ndoo? Watu waliuliza baadaye, watu wasiowahi kubeba maji. Kutua ndoo iliyojaa bila kumwaga kunataka usimame na uiname, na kusimama ndiko kulikokuwa hakuwezekani. Kuitupa? Mali ya boma, na maji yenyewe ni ya mzee mwenye kiu! Akaishika kwa mkono mmoja, akaongeza mwendo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiu ilimkohoza Asukile, na kila alipokohoa mara moja, "naingia", Sekela alikaza mbio. Sekela alipokaza mbio, maji yakaenda mbali zaidi, na kiu ikazidi, na kikohozi kikaja. Asukile akaona dawa. Akakohoa mara mbili kwa makusudi, "natoka", ili binti wa watu apunguze mwendo. Kweli, visigino vikapunguza. Lakini koo lenyewe likaongeza kikohozi cha tatu bila kuulizwa, na vitatu ni njaa. Njaa! Mzee wa watu ana njaa na jiko liko maili tano chini! Sekela alikimbia mteremko ule kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

Ukungu ukabaki juu, mji ukaonekana, na Sekela akapata matumaini. Mjini kuna vichochoro. Lakini mji mzima ulikuwa umetoka. Pande zote mbili za barabara watu walisimama wakibanana, kamba zimefungwa, hapana pa kupenya hata kwa paka. Wakaona nini? Mwanamke mwenye ndoo, hamwagi tone, akifuatwa na mzee aliyefunika macho kwa kofia akikohoa, akifuatwa na polisi aliyevaa buti shingoni. Walidhani ni sehemu ya sherehe. Bendi ikaanza kupiga. Sekela alijaribu kutoka sokoni, wakamshangilia wakamrudisha barabarani. Akaingia uwanjani, akakuta kamba zinampeleka kuzunguka, zile yadi mia tatu themanini na tano, mbele ya kiti cha Bwana Shauri, mpaka kwenye utepe. Akaukata kwa shingo.

Akasimama, amewapa wote mgongo, anatazama mlingoti wa bendera. Asukile alifika hatua ishirini baadaye, akaanguka kwenye nyasi kifudifudi. Kalinga akafika akaegemea nguzo.

"Bwana Karani," akasema alipoweza kusema, "nimeshindwa na babu, sawa. Lakini na ndoo?"

Jailos alikuwa amekwisha kufungua daftari. Akapitisha kidole. "Namba arobaini na sita. Imo." Akasoma, akasoma tena. "Ni ndoo. Aliyeshinda ni ndoo." Akatafakari kidogo, uso wake ukatulia. "Na kwa kuwa ndoo ni mali ya serikali, mtamba anarudi serikalini."

Watu wakapiga kelele. Bwana Shauri alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho, akasema ndoo haina miguu, na tangazo limesema kwa miguu yake. Ng'ombe apewe mwanamke.

Asukile alisikia hayo uso ukiwa kwenye nyasi, na roho ikamwuma kuliko miguu. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema, na wake hata hakumfikia. Amemkimbilia mlima mzima ili ampe Sekela, na sasa Sekela amepewa na mtu mwingine, kwa mkono mwingine, na ng'ombe wa namna hiyo hafuti haya ya mtu. Kesho wataendelea kuzungukana. Atakufa siku moja, akitazama doa la udongo ukutani, hajasema. Akalia, na hakujali nani anamwona.

Kamba ya mtamba ikatiwa mkononi mwa Sekela. Bado hajageuka.

"Bwana Karani," akasema kwa sauti, akiiambia bendera, "mwambie yule mzee aliyelala pale kwamba ng'ombe huyu ni wake. Nimempa."

Jailos akatembea hatua tano. "Mzee, amekupa ng'ombe."

"Na mwambie," Sekela akaendelea, "afanye kama alivyosema nyuma ya ghala."

Asukile akainua kichwa, nyasi zimemganda usoni. "Nyuma ya ghala? Bwana Jailos, hebu mwulize, amesikia lini hayo?"

Jailos akaenda, akarudi. "Anasema kila alfajiri. Anasema ua wenu ni mdogo, mahali pekee pa kukukimbia alfajiri ni ndani ya ghala. Huwa amekaa kwenye mahindi."

"Amesikia yote?"

Akaenda. Akarudi. "Yote. Anasema na ya chumvi pia. Anasema ndiyo maana alikuwa akiongeza."

Wanyakyusa waliokuwa uwanjani walikuwa wamekwisha kuelewa, wakawaeleza wenzao. Asukile akasimama kwa kushika bega la Kalinga. Jailos akamletea mtamba, akapokea kamba. Akamshika mtamba paji la uso, lile jeupe, kuhakikisha ni ng'ombe kweli. Kisha hakumpa Jailos. Hatua zile tano akazitembea mwenyewe, akanyoosha mkono, akaweka kamba mkononi mwa mkwewe.

"Haya imekwisha," akasema mbele ya watu wote.

Wanawake wawili wakamsaidia Sekela kutua ndoo. Akachota kwa kata. Akageuka.

Ulikuwa uso wa kawaida tu, umelowa jasho, una kovu dogo juu ya nyusi na pua ya mtu asiyependa mchezo. Asukile aliutazama kama mtu anayesoma.

"Tata," akasema Sekela, ndiyo baba kwa lugha yao, "maji."

Akanywa, kata nzima, na ya pili. Kisha akafungua kinywa kutoa hotuba, na hotuba haikuwepo. Ukoo uliosifiwa, kichomi kwa kirefu, sehemu zote tatu, vyote vimebaki mlimani.

"Asante kwa uji," akasema.

"Uji upi, tata?"

"Ule wa mwanzi."

Sekela akainamisha macho, kanga ikampanda mdomoni. "Ulikuwa mwepesi mno," akasema. "Ulezi ulikuwa umekwisha. Miaka miwili hii nimekuwa nikitaka kukuomba radhi."

Asukile alimshika mkono, na wakalia wote wawili katikati ya uwanja wa boma, mtamba akila nyasi za serikali. Kalinga alivaa buti zake bila kumtazama mtu. Jailos alisimama na kalamu juu, akakosa pa kuandika.

Kesho yake jioni walikaa kwenye mkeka mmoja kwa mara ya kwanza, ugali katikati na bakuli la maharage. Sekela alisubiri bila kula, akimtazama mzee mdomoni. Asukile akamega, akachovya, akatafuna. Hamkuwa na chumvi hata chembe.

"Je, tata?"

"Nzuri," akasema Asukile. "Nzuri sana."

Na koo likamwasha, akakohoa, mara tatu. Sekela akacheka, akainuka, akaenda kumletea chumvi.